Alama ya Kuuliza Kwenye Maji

Tik. Ndivyo inavyolia sindano yenye fuwele inaponaswa na sumaku ya mashine ya eksirei, na mlio huo ulimkaa Mama Fuwele sikioni miaka sita. Fuwele yenyewe, iliyoundwa kwa protini iliyogandishwa, ilikuwa kama chembe ya chumvi, ya arobaini na moja kujaribiwa. Arobaini za mwanzo zilipasuka. Hii ikakubali, na kutokana nayo yeye na wenzake wakachora umbo la protini moja ya bakteria ambayo walikuwa wameihangaikia muda wote huo.

Jina la Mama Fuwele alibandikwa na wenzake wa maabara, maana alizisemesha fuwele zake kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Kwa cheo alikuwa fundi tu.

Katikati ya umbo lile palikuwa na doa. Profesa, mkuu wa maabara, alisema ni tone la maji limenasa humo. Mama Fuwele aliliangalia, akaligeuza kwenye kompyuta huku na huku. Maji hayang'ai hivyo. Kwenye daftari lake la kazi, humo humo kompyutani, akaandika: "maji?" Profesa alipoandika makala, alama ya kuuliza haikuingia.

Makala ikapelekwa kwenye jarida. Baada ya wiki tano mmoja wa wahakiki, ambao kwa kawaida majina yao hufichwa, akaleta ombi: "Picha nimeziona, nzuri. Sasa naomba data ghafi."

"Huyu anataka kuingia mpaka jikoni," Profesa akaguna. "Haya, mfungulie, mama. Ila daftari lako litoe."

"Nilitoe kwa nini? Ndilo linaloeleza kila faili ni ya nini. Bila hilo atapotea."

"Mgeni amekuja kuona sebule, wewe unamwonyesha na ufagio! Akiikuta ile alama yako, makala itarudishwa. Miaka sita yote itakwenda na maji."

"Si ulisema ni maji? Basi itaogelea."

Profesa akacheka bila kupenda. "Haya, ufanye ujuavyo. Lakini ikirudi, utawaeleza wewe wenzako waliokesha."

Mama Fuwele aliketi mbele ya kompyuta, kwenye folda ya data atakayofunguliwa mhakiki, asubuhi nzima. Daftari akaliacha ndani. Kisha akagundua kwamba mfumo ulimtaka kila anayefungua aandike jina lake. Vidole vikamwasha. Ni nani huyu? Mzee? Binti? Anazisemesha fuwele naye? Akapumua, akaufuta mtego ule: mhakiki apite na uso wake umefunikwa. Kilichobaki ni hesabu ya mara ngapi folda imefunguliwa.

Mara moja. Mara tatu. Mara kumi na nne.

"Karudi tena leo," alimwambia mumewe wakianua nguo.

"Mimi mwenyewe hujanichungulia hivyo tangu tuoane."

"Wewe nilishakusoma, baba. Huna faili jipya."

Jibu la mhakiki lilifika siku ya mkutano wa maabara. Profesa akalisoma kwa sauti mbele ya wote, na Mama Fuwele akajikuta ameshika kifuniko cha sahani ya fuwele, anakifuta, ingawa kilikuwa safi.

"Doa la katikati si maji, ni zito mno. Nadhani ni zinki. Pimeni mhakikishe; ikiwa ndiyo, huenda hapo ndipo protini hii inapofanyia kazi yake, na makala yenu itakuwa kubwa kuliko mlivyodhani." Profesa akasogeza miwani, akaendelea. "Daftari limenisaidia sana. Ukurasa wa kumi na tisa kuna mtu aliyeliona hili kabla yangu. Mnaweza kuniambia ni nani aliyeweka alama ya kuuliza?"

Jokofu la sampuli lilinguruma pembeni. Profesa akaishusha karatasi, akamtazama fundi wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Haya, mama. Tumjibuje?"

Kifuniko kikatulia mikononi mwake. Sauti ilimtoka ndogo, ile ile anayozisemeshea fuwele.

"Mwambieni ni mimi."