Gari Moja kwa Idara Mbili

Mwanangu, siku mkuu wa ofisi yetu kule Mbeya aliponipa mkono wa pongezi naikumbuka mpaka leo, maana ndiyo siku niliyokosea. Ilikuwa miaka ya sabini, ofisi za serikali zinapangwa upya, na mimi karani kijana mwenye kalamu mbili mfukoni nilikuwa nimeandika waraka wa kuunganisha idara ya kilimo na ya mifugo. Stoo mbili ziwe moja, Landrova mbili ibaki moja. Hesabu ilikuwa safi, ikasifiwa mbele ya watu. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Mtu mmoja tu hakunisifu. Mzee Mwalongo alikuwa bwana mifugo, kazi yake kupeleka dawa ya josho bonde la Usangu kila wiki ili ng'ombe waogeshwe, kupe wafe. Alinisubiri nje ya mlango, kofia mkononi.

"Kijana, mbolea inapelekwa lini vijijini?"

"Mvua zikianza, mzee."

"Na kupe wanazidi lini?"

Nikamjibu kwamba kupe ni kazi yake, yangu ni kupunguza matumizi. Akavaa kofia, akaondoka polepole. Hakuna jibu ninalolijutia kama lile.

Mvua zikaanza. Gari likashinda kwenye mbolea, likakwama kwenye matope ya upande wa Madibira, likalala gereji, likatoka na kurudi kwenye mbolea. Dawa ya josho ikakaa stoo wiki baada ya wiki. Mzee aliandika barua tatu. Zote zilipita mezani kwangu, nami nikazitia kwenye faili.

Gari lilipopatikana, akasema niende naye. Tukafika kwa Mama Kabula, mjane wa Kisukuma aliyehamia Usangu na mifugo yake. Ngozi zilikuwa zimewambwa kuzunguka boma lote. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ulikuwa umemwachia ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Mama yule hakututukana. Alitupa vigoda, akaleta kibuyu cha maziwa, kwani kwake mgeni haondoki hivi hivi.

"Karibuni, baba zangu. Tulisikia gari la dawa limekufa."

"Halikufa, mama," Mzee akasema. "Waliliunganisha."

Hakuelewa, akanisogezea kibuyu. Nilitaka kuyakataa maziwa, maana wajukuu zake walikuwa wamesimama wanakitazama kibuyu. Mzee akaniinamia sikioni.

"Kunywa. Ukikataa unamwongezea msiba. Huyo ng'ombe mmoja ndiyo akiba uliyoiandika."

Nikanywa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nageukia dirishani ili Mzee asione machozi.

Mwaka ulipoisha tulikuta kwamba tulichobakiza kwenye mafuta kilikuwa kimekwenda kukodi lori la kumalizia mbolea. Ng'ombe wa Mama Kabula hawakuandikwa popote.

Sasa unaniambia nawe umepewa idara mbili uziunganishe. Sikukatazi, mwanangu. Ile stoo moja ilitufaa kweli, kwa kuwa nusu ya vyumba vilikuwa vitupu. Lakini kabla hujatia sahihi, angalia kama idara hizo zinahitaji kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kamuulize anayeifanya kazi yenyewe, kisha nenda mpaka kwa anayeipokea. Gharama ikitoka kwenye vitabu vya serikali ikaangukia kwa mjane, hujaokoa chochote, umeihamisha tu. Na bwana mifugo akikuandikia barua, isome siku hiyo hiyo.

Mungu akupe subira ya kusikiliza walio chini yako. Na siku utakapokaribishwa kwa watu uliowatumikia, wakakuletea maziwa, akujalie uyanywe ukiwatazama usoni.