Chakula cha Mfungwa wa Kayna

Emérence anauza maharage kando ya barabara Butembo, na wateja wanamjua kwa ulimi wake. Ukimwambia bei iko juu, anakuuliza kama ni mama yako aliyeyapalilia. Lakini tangu mume wake, Edmond, agongwe na pikipiki akitoka misa ya asubuhi, hata ulimi ule ulinyamaza. Dereva alikimbia, akakamatwa siku ya pili. Jina lake Delphin, mtu wa Kayna. Wakamtia gerezani.

Jambo moja tu lilimpa mjane usingizi. Katika gereza lile, mfungwa asiyeletewa chakula na ndugu zake hushinda na njaa, na ndugu za Delphin wako ng'ambo ya vita, barabara imefungwa. Atakonda, Emérence alijiambia, na akifa, afe. Sisemi alikuwa mbaya. Nasema alikuwa amefiwa.

Alhamisi moja akashindwa kuvumilia, akajifunga kitenge chake, akaenda kuona kwa macho yake jinsi anavyokonda. Langoni palikuwa na foleni ya wanawake wenye sufuria zilizofungwa vitambaa. Wa nne katika foleni alikuwa Kasonia, mama mzazi wa Edmond.

Emérence alisimama kama aliyepigwa kofi. Mama mkwe wake hakuwa na ndugu hata mmoja mle ndani.

"Mama, uko naletea nani chakula?"

"Delphin."

"Delphin gani?"

"Ule ule. Bugali na sombe. Sasa ni mwezi wa tatu niko namuletea."

"Ule aliua mutoto yako!" Foleni nzima iligeuka.

"Niko najua, mutoto yangu. Edmond nilimuzaa mimi," Kasonia alisema polepole. "Lakini kuko neno nataka kumuuliza huyu mutu, na mufu hapana jibu."

Kisha akamweleza yaliyobaki, na kila neno lilimwacha Emérence mdomo wazi. Wazee wa kyaghanda, baraza la ukoo, walikuwa wameongea na hakimu. Familia ikikubali, Delphin atatoka, atalima shamba la Kasonia ambalo Edmond alikuwa akimlimia. Ilibaki sahihi ya mjane tu, na baraza lingekaa Jumamosi. Emérence akaapa kwamba ataenda Jumamosi, lakini kumkatalia mbele ya watu wote.

Jumamosi Delphin aliletwa barazani, akaketi kwenye benchi, macho chini. Kasonia hakumlaumu. Alimuuliza neno lake moja: "Edmond alikufa palepale?"

"Hapana, Mama." Sauti ilikuwa haisikiki vizuri. "Alikuwa anapumua. Alinishika mukono, akasema, 'Hapana niacha.' Na mimi nikamuacha."

Mtu alipiga yowe. Emérence aliruka akasimama. "Ungemupandisha ku pikipiki yako! Angefika hospitali! Ulimuacha juu ya nini?"

"Niliona batu banakuya na mawe, Mama. Banakuya mbio. Mwaka jana balichoma mwenzangu pamoja na pikipiki yake. Nilisema, leo ni mimi."

Emérence alifungua mdomo amwite mwongo. Lakini alijua ni kweli. Asubuhi ile alisikia kishindo, akaacha maharage yake, akaokota jiwe. Mtu alikuwa amelala chini, uso umegeukia mtaro, na yeye alimruka ili amfuate dereva. Wote walimfuata dereva. Waliporudi, ndipo alipolitambua shati la mumewe.

Hakuwahi kumwambia mtu, hata padri.

"Pale kulikuwa jiwe mu mukono yangu," akasema. "Nilipita juu yake, Mama. Alikuwa anapumua, na mimi nilipita juu yake."

Kasonia alimkodolea macho kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Mzee wa baraza akauliza kwa upole kama mjane anakubali Delphin atoke akalime.

"Muandike batu babili," Emérence akajibu. "Hiyo shamba ya Mama, tutalima na yeye."