Swafwan na Taa za Ndia ya Zefe

Marehemu Swafwan Bakr, fundi wa umeme wa mtaa wa Mkomani huko Amu, yaani Lamu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha mmoja wa mamake ulimkaa moyoni kama mwiba.

Ilikuwa siku ya Maulidi. Kamati ya msikiti ilikuwa imempa kazi ya kutia taa ndia yote ipitayo zefe, ule msafara wa bendera na kasida, kutoka ufuoni hadi mlango wa msikiti. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo: babu yake ndiye aliyewasha karabai za msikiti ule, na babake ndiye aliyefunga balbu za kwanza. Swafwan akatundika mikanda ya taa juu kabisa, usawa wa madirisha ya ghorofani. Zefe ikaingia na ngoma zake za matwari, ndia ikawaka kama mchana. Kumbe kule juu ndiko wanawake wa Amu hukaa tangu zamani, wakatazama wasitazamwe. Mwanga ukawapiga usoni mbele ya wanaume wa mji mzima. Dirisha moja likafungwa, la pili likafuata, na zefe ikapita pasipo kigelegele hata kimoja.

"Umetuanika, mwanangu," mamake, Bi Hindu, alimwambia akicheka. "Kama samaki wa ng'onda juani!"

Bwana Abdulqadir, mwenyekiti wa kamati, hakucheka. Maulidi mengine yalipokaribia alimwita Swafwan.

"Zefe bila vigelegele ni mazishi," alisema. "Nakupa tena kwa heshima ya babako. Ukiharibu, kazi hii itatoka kwenu."

Swafwan alijua dawa yake ni kuzishusha taa mpaka juu kidogo ya baraza za nyumba, mwanga uangukie miguu na kanzu, madirisha yabaki gizani. Lakini huku chini kwenye ndia za Amu kuna mwenyewe, naye ni punda. Hupita na mawe na magunia ya mchanga ubavuni, akikwaruza kuta kama anazidai. Tena taa alizozitaka Swafwan si za kuwaka tu. Ni zile ambazo kila moja hupokea amri yake, kisha hupasha habari kwa jirani yake, hivyo mwanga unaweza kutembea ndiani pamoja na matwari. Ikifa moja, zilizo mbele yake hazipati habari tena.

Kwa Ndirangu, muuza vifaa vya umeme wa Mokowe, aliagiza vipande vya mikanda ya aina tatu. Hakuvijaribu mezani. Alivifunga ukutani nje kwa mamake, pale kwenye kona ambapo ndia hubana kuliko kwengine kote, akaacha punda na hewa ya chumvi vifanye kazi yao.

Jioni moja baada ya Magharibi, Bwana Abdulqadir akaja kuangalia. Akasimama mbele ya mkanda wa kwanza akikinga macho.

"Huu ndio! Unawaka mpaka unaumiza."

"Tembea hadi mwisho wake, Bwana."

Mwenyekiti akatembea. Mwishoni weupe ulikuwa umegeuka wekundu wa macho ya mgonjwa, kwa kuwa mkanda huo ulikuwa wa volti tano tu, na umeme mdogo hivyo huchoka njiani. Mkanda wa pili ulikuwa wa volti kumi na mbili na rangi yake haikubadilika, lakini taa zake zilitii amri moja tatu tatu kwa pamoja, na mwanga ukawa unaruka kama chura badala ya kutembea. Wa tatu pia ulikuwa wa volti kumi na mbili, kila taa na amri yake. Katikati, taa moja ilikuwa nyeusi.

"Huu mbovu," alisema Bwana Abdulqadir. "Umeshakufa taa."

"Punda wa mawe kaipiga juzi. Sasa tazama zilizo mbele yake."

Zote zilikuwa hai. Mkanda ule ulikuwa na waya wa pili wa habari. Taa moja ikifa, ya mbele yake hupata amri kupitia waya huo.

"Na zikifa mbili, jirani na jirani?"

"Hapo, Bwana, tutasoma Fatiha."

Bwana Abdulqadir akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya. Chukua huo wenye maiti."

Swafwan aliipenyeza mikanda ndani ya mipira ya silikoni, akaziba ncha zake chumvi isipenye. Gundi ilikataa kushika kwenye chokaa ya zamani, basi akaifunga juu ya fito za mikoko na kuziegemeza fito hizo ukutani juu ya baraza. Umeme akauingiza mahali pengi njiani, rangi isichoke. Kila alipomaliza kipande alisema Bismillahi, akawasha, akazima.

Siku ya Maulidi, zefe ilipopinda kutoka ufuoni, taa zilikuwa kijani tulivu. Twari la kwanza lilipopigwa, wimbi la mwanga mweupe likaanza kutembea kando ya miguu ya watu, hatua kwa hatua na kasida. Swafwan alikuwa akitembea pembeni, macho hayatoki kwenye mikanda. Penye kona ile nyembamba, mlingoti wa bendera ukateleza mkononi mwa mbebaji, ukagonga ukuta. Taa moja ikazimika. Swafwan akainama kuitazama.

Wimbi likafika pale, likavuka, likaendelea hadi msikitini.

Ndipo kigelegele kikatoka juu. Kimoja, kirefu, kutoka dirisha lenye giza; Swafwan alijua sauti ya mamake. Kikajibiwa ng'ambo ya ndia, kisha nyumba ya tatu, mpaka matwari yenyewe yakamezwa, na waimbaji wakalazimika kupaza sauti mara mbili.

"Nani huyo juu?" Bwana Abdulqadir aliita, akijifanya haoni kitu, na kweli haoni.

"Hakuna mtu!" sauti ya Bi Hindu ikajibu. "Endeleeni na ndia yenu!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Abdulqadir akamvuta Swafwan mkono, akamweka safu ya mbele kabisa, baina ya bendera mbili. Maulidi yaliyofuata Mola hakumjaalia kuyafikia. Lakini usiku ule aliingia msikiti wa babu yake kwa mlango wa mbele, Mtume akisaliwa kulia na kushoto kwake, na vigelegele vingali vinamiminika juu yake.