Matundu Niliyoyajazia Mapajani

Mimi ndiye yule fundi wa Rumonge anayewacheka wanafunzi wake wakibana kitambaa kwenye fremu. Mwenyewe hudarizia mapajani, huku nikipiga domo.

Mama Zuhura, anayemuoza binti yake, aliniletea kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu nimtengenezee cha meza. Nikachomoa nyuzi, yakabaki matundu ya mraba, na kila tundu nikalijaza nyuzi kama utando wa buibui. Siku ya mwisho sindano ilipita kwa shida. Nikajisifu: hii ndiyo kazi ya nguvu!

Nafunga uzi wa mwisho, akaingia na wakwe zake kutoka Kizuka.

“Amahoro, fundi. Iko tayari?”

“Iko tayari, mama. Ila kitambaa kilikuwa kidogo, hakikubaki hata kipande.”

Akakinyanyua juu kwa furaha, wakwe waone. Kikwembe nilichojifunga kiunoni kikafuata, kumbe safu nzima nilikuwa nimeishonea humo. Nikabaki na shimizi.

Wakwe wakageuza macho kwa heshima. Mama Zuhura hakugeuza. Aliinama, akashika pindo la shimizi yangu na kuutazama ukingo wake wa buluu.

“Fundi,” akasema polepole, “na hii ulitoa wapi?”