Ukurasa wa Harusi Uliofungukia Matangani

Aibu hii niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa kwangu Makongeni na kikombe cha chai mezani, na kama kuna mwingine wa kulaumiwa, mpaka leo sijampata.

Shangazi yangu, Tata Wanja, hukodisha hema na viti kule Ruiru. Miaka yote biashara iliitwa kwa jina la mumewe (ambaye sikuwahi kumwona akibeba hata kiti kimoja), na mume alipomwacha, Tata akaamua jina hilo litoke kwenye lori, kwenye aproni za wafanyakazi na kwenye mtandao. Websaiti nilimtengenezea mimi, fundi wa ukoo, kwa hivyo nikamsajilia anwani mpya yenye jina lake. Hofu yake ilikuwa moja tu: ukitafuta hema za Ruiru mtandaoni, ni ile anwani ya zamani iliyokuwa ikitokea juu, na hiyo nafasi ya juu ilikuwa jasho lake. Nikamwambia asijali, anayebonyeza ya zamani atapelekwa kwa mpya, na injini ya utafutaji ikishaona hivyo itamhamishia sifa zake zote pole pole.

Sasa, kazi hiyo hufanywa ukurasa kwa ukurasa, harusi iende kwa harusi, mazishi kwa mazishi. Mimi kwa uvivu wangu nikaandika mstari mmoja unaopeleka kila kitu mahali pamoja, na kwa vile nilikuwa najaribu tu, nikauelekeza kwa ukurasa wa pekee niliokuwa nimemaliza, ule wa mazishi, nikauwekea alama kwamba uhamisho ni wa kudumu (nilisoma kwamba injini huuamini zaidi ya ule wa muda), nikaona kwa simu yangu unafanya kazi, nikaenda kutazama mpira. Sikuukumbuka tena.

Jumapili iliyofuata Tata akanipeleka kanisani Mugutha, kwa kamati ya harusi ya msichana anayeitwa Njeri. Mwaka uliotangulia Tata ndiye aliyeweka hema kwenye mazishi ya mamake Njeri, na familia ilimpenda tangu siku hiyo. Hii ingekuwa harusi ya kwanza ya Tata kwa jina lake mwenyewe. Mimi nilikuja na kompyuta kuonyesha picha, lakini mwenyekiti, Mzee Karanja, akasema hakuna haja, akaunganisha simu yake na runinga kubwa ya kanisa, akatafuta lile jina la zamani alilolijua, akabonyeza palipoandikwa hema za harusi.

Likatokea hema jeupe, viti kwa safu, jeneza, na mbele yake picha ya marehemu kwenye fremu ya maua. Alikuwa mamake Njeri. (Picha hiyo niliitoa kwa simu ya Tata bila kumuuliza, kwa sababu ilikuwa na mwanga mzuri.)

Wa nyuma walicheka kabla hawajaona vizuri ni nani. Hapo ningesema runinga izimwe, ningekuwa na kosa moja tu. Badala yake nikafungua kompyuta magotini, nikarekebisha ule mstari uende kwa ukurasa wa harusi, niliokuwa nimeumaliza wiki hiyo, nikajaribu kwangu, harusi ikafunguka, nikasimama kama shujaa.

"Iko sawa sasa. Mzee, fungua tena."

Akafungua, na yule mama akarudi kwenye runinga. Simu ikishaambiwa uhamisho ni wa kudumu haiulizi tena, inakwenda moja kwa moja pale ilipotumwa mara ya kwanza, na hilo nilikuwa nimelisoma, nililijua, lakini kichwa kilikuwa kimeganda nikamwambia ajaribu mara ya tatu.

"Kijana, unatufanyia nini?" akauliza Mzee Karanja.

Njeri, aliyekuwa ameketi mbele, ndiye aliyeinuka akazima runinga kwa mkono wake, akatoka nje, akaacha mkoba wake kwenye kiti.

Kamati ilichukua hema za mtu wa Mwiki. Kurasa zote nimezielekeza upya, moja moja, nikizifungua kwa simu tatu tofauti, lakini wiki zilipita injini ikiwa bado inamwonyesha Tata kama mtu wa matanga, na wengi waliopiga simu waliuliza kama anauza majeneza. Njeri nilimwandikia kuomba msamaha. Alisoma, hakujibu, na sioni angejibu nini.

Siku ile Tata hakunigombeza. Aliendesha lori mpaka getini kwake, akazima injini, akasema, "Jina la yule mwanaume niliweza kulitoa. Hili la matanga uliloniletea nitalitoaje?"

Tangu hapo sijawahi kuandika neno "kudumu" kwenye kazi ya mtu nikiwa na haraka, na picha ya marehemu siigusi kabla sijauliza wenyewe. Lori la Tata bado lina jina lake ubavuni. Jumamosi nyingi, siku za harusi, limeegeshwa.