Basi la Kuchezea Lililotaka Kutoka Steji

Niliishia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mahali msomaji anisamehe. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mume wangu alianza kuona ukungu, na pikapu yetu ikabaki uani kwetu kijijini Kwanza, mahindi yakingoja kupelekwa Kitale. Mmoja wetu alihitaji leseni, na hangekuwa yeye.

Mtihani niliufanyia Bungoma, nilikosomea kuendesha nikikaa kwa dada yangu. Askari wa trafiki aliyetupima alikuwa na meza iliyochorwa mji mdogo, na juu yake magari ya kuchezea. Akaniwekea gari langu barabarani, kisha akasogeza basi dogo pembeni, steji, pale mabasi yanapopakia abiria.

"Mama, hii basi imewasha indiketa, inataka kutoka. Utafanya nini?"

Mume wangu alikuwa amenionya: "Ukiachia basi moja njia, utaachia mpaka Krismasi." Mwalimu wangu wa kuendesha naye alisema aliye barabarani ndiye mwenye haki. Labda wote walikuwa sawa, sijui. Nikageuza kichwa, nikatazama nyuma yangu.

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. "Ati gari liko mezani, yeye anaangalia mlangoni, bana!"

"Nyamazeni," askari akasema. "Tangu asubuhi ni huyu tu ameangalia nyuma kabla ya breki." Akachukua kalamu anipitishe.

Hapo ningeweza kuyaacha hivyo. Lakini ningeendesha na huo uongo kila siku.

"Afande, samahani. Sikuwa naangalia gari. Nilikuwa natafuta mwalimu wangu anisaidie."

Akaweka kalamu chini. Akilini nikaiona pikapu yetu ikiliwa na kutu.

"Haya, sasa angalia hapa mezani."

Nyuma ya gari langu kulikuwa na lori, karibu kabisa.

"Nikifunga breki ghafla huyu atanigonga," nikasema polepole. "Napunguza mapema, namwonyesha mkono, halafu basi litoke. Liko na watu wengi, mimi niko peke yangu."

"Na kama lori haiwezi kusimama?"

"Basi lingoje."

Akaandika. Nikawa nimepita. Mpaka leo sijui kama ni kwa jibu au kwa huruma.

Leseni ilipotoka nilipakia mahindi, mume wangu kando yangu. Karibu na mtaa wa Tuwan, tukiingia Kitale, basi likawasha indiketa litoke steji. Nikaangalia kioo: nyuma hakuna mtu karibu. Nikapunguza. Dereva wa basi akatoka, akapiga honi mara mbili kushukuru.

"Umempa njia?" mume wangu akauliza.

"Nimempa."

"Haya." Akatoa mkono dirishani, akampungia mtu asiyemwona vizuri.