Bendi Iliyokwama Sebuleni kwa Mjomba

Mjomba wangu alichora mabango ya vinyozi na mabucha maisha yake yote, tena kwa kasi. Bucha akienda kunywa chai, akirudi anamkuta ng'ombe yuko ukutani na mkia wake. Haya niambieni, mtu wa namna hiyo anashindwaje kumaliza kuchora gitaa, ngoma na tarumbeta juu ya meza?

Aliviazima kwa bendi ya mtaani baada ya kustaafu. Eti siku mbili tatu tu, apate picha ya kutundika. Akavipanga sebuleni, akapiga marufuku visitoke, maana kivuli kitaharibika. Basi bendi ikawa inafanyia mazoezi pale pale. Wakimaliza wanarudisha kila kitu mahali pake, mjomba kafumba jicho moja, "kushoto, rudi nyuma kidogo," utadhani anaegesha lori. Kazi ya chai ni yangu, nani mwingine?

Lakini tangu mkewe afariki nyumba ile ilikuwa kimya mpaka inatisha, na mzee alikuwa anakula kwa kubembelezwa. Siku hizi anaomba aongezwe.

Mimi ndiye ninayefagia, kwa hiyo nilijua. Leo anaipaka tarumbeta rangi, kesho anaifuta. Nikamtania kwamba lingekuwa bango la duka, mwenye duka angeshafilisika. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Yeye huyo!

Za mwizi arobaini. Jumamosi iliyopita mpiga ngoma alipitisha kidole juu ya picha, kikatoka safi. Akasema imekauka, basi wabebe vitu vyao, kwani ukumbi wa mazoezi wameshapata. Mjomba akaitikia, "Chukueni tu, wanangu," akaanza kufuta brashi ambayo haikuwa na rangi. Nilimwonea huruma, nikajuta utani wangu wote.

Kiongozi wao, mwenye gitaa, hakubeba kitu. Aliitazama picha, akamtazama mzee, akarudi kwenye picha.

"Mzee, gitaa langu lina nyuzi sita," akasema. "Hapa umenichorea tano. Mimi picha hii siikubali."

Nikasogea kuhesabu. Zilikuwa sita, wala hazijifichi.

Mjomba akavaa miwani. Akazipitia moja moja kwa kidole, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Kweli," akasema. "Tano."